Futa Yote Ndani

"Nasema usibonyeze."

"Shemeji, niachie mkono kwanza. Nimeshika simu, sijashika panga."

"Leo hakuna tofauti. Weka simu mezani."

Shemeji hakuiweka, na mama wa nyumba hakumwachia. Walikuwa wamesimama hivyo mlangoni mwa stoo, yeye amemkamata mdogo wa mumewe kifundo cha mkono kama aliyemfumania anadokoa sukari, na binti yake mkubwa ameketi sakafuni katikati yao, amekumbatia magoti, macho kwenye kisanduku cheusi kilichokaa juu ya rafu ya chini.

Kisanduku hicho ndicho kilichowagombanisha. Kilikuwa kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi. Mumewe aliiita seva, na humo alikuwa ameingiza kila santuri na kila kanda aliyokusanya kwa miaka thelathini. Muziki waliufungulia kwa simu, kwenye ukurasa wenye vitufe vitatu tu: Cheza, Skani, Futa Yote. Ukitia kitu kipya hakionekani mpaka uskani. Seva inapitia maktaba nzima, faili moja baada ya jingine, ndipo inakitambua kigeni na kukiorodhesha; kisichoorodheshwa hakichezi wala hakinakiliwi kwenye flashi. Lakini kwa wiki mbili sasa, kila ikiskani ilizima katikati. Taa inakufa, feni inanyamaza, na ukiiwasha tena inaanza mwanzo kama isiyokumbuka kitu.

Siku nyingine hiyo ingekuwa kero tu. Leo mumewe alikuwa chumba cha upasuaji tangu saa tatu asubuhi, anakatwa uvimbe kooni, na pamoja na uvimbe, sauti yote. Akiamka hataongea tena. Sauti yake iliyobaki ilikuwa ndani ya kisanduku kile: maneno na sentensi mia moja na arobaini alizorekodi mwenyewe, akijifungia stoo jioni baada ya jioni, ili mtaalamu wa usemi wa hospitali azipakie kwenye kifaa cha kubonyeza. Atabonyeza, kifaa kitasema, na kitasema kwa sauti yake. Alizihifadhi kwenye seva kwa sababu ndiyo mashine pekee aliyoiamini. Diski aliifunga kwa nywila iliyokuwa kichwani mwake tu: kisanduku huifungua chenyewe kikiwaka, lakini ukiichomoa humo haisomeki popote. Kila alipoambiwa atoe nakala alijibu, "Bado nasahihisha."

Basi hazikuwa na nakala. Na ukurasani hazikuonekana.

Asubuhi, baada ya gari kuondoka naye, ndipo walipoona karatasi aliyobandika juu ya kisanduku. Iliandikwa kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika ratiba, bila nukta wala mkato:

IKIZIMA TENA FUTA YOTE NDANI TARATIBU

"Soma mwenyewe," shemeji alisema, akionyesha kwa kidevu kwa kuwa mkono ulikuwa umeshikwa. "Ikizima tena. Imezima tena? Imezima, mara mbili leo. Futa yote ndani. Kitufe hiki hapa, kimeandikwa vilevile, Futa Yote. Taratibu, yaani fuata taratibu. Mwenye mashine ameandika kwa mkono wake, wewe unabisha nini?"

"Nabisha kwamba mtu hawezi kukaa siku kumi na nne anarekodi sauti yake halafu aseme ifutwe."

"Labda anazo mahali pengine."

"Hana. Ningejua."

"Shemeji, mimi ni fundi simu. Kila siku naletewa simu inayoganda. Unafuta kila kitu, unaanza upya, inapona."

"Na picha za mwenye simu?"

"Kuna wanaolia," shemeji alikiri.

Mama akamwachia mkono. Hakumwachia kwa kuridhika; macho yake yalibaki kwenye kidole kilichokuwa juu ya kitufe. Alikuwa msimamizi wa matanuri kwenye kiwanda cha mikate, mwanamke wa kupima kila jambo kwa saa yake ya mkononi, hata mumewe alimbandika jina la Dakika na mtaa mzima ukalidaka. Watu wa kazini walizoea kumwona akiingia kwenye joto la kuunguza nyusi bila kukunja uso. Lakini simu yake, iliyolazwa mezani kifudifudi, hakuthubutu kuigeuza. Hospitali walisema watapiga saa sita. Sasa ilikuwa saa saba kasoro robo.

"Mama," binti alisema polepole, "baba mdogo hajamaliza. Mwambie, baba mdogo. Lile la kwenye gari."

"Lipi?"

Shemeji akatazama viatu vyake.

"Sema," mama akasema. "Nimeshasimama, hata nikianguka si mbali."

"Asubuhi, nikimpeleka. Tulikuwa kwenye foleni ya taa. Akaniambia, sauti imeshakwaruza, sikusikia yote. Akasema, 'Sitaki nibaki nyumbani kama mzimu, naongea kwenye masanduku na mimi nimekaa hapo kimya.' Nikacheka, nikadhani mzaha. Yeye hakucheka."

Stoo ikawa ndogo ghafla. Kwa muda wote huo alikuwa ameogopa jambo moja, kwamba mashine itakufa na sauti ndani yake. Sasa alikuwa na la pili, baya zaidi: kwamba mumewe alikaa humu jioni zote zile, akajisikiliza, akachukizwa, na akaandika karatasi ile akiwa anamaanisha neno kwa neno. Alijua mtu wake. Miaka ishirini na sita alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni, watu wakisimama na mizigo yao kumsikiliza kwanza ndipo watembee. Mtu wa namna hiyo angeweza kuona heri kimya kitupu kuliko sauti ya kubonyezwa.

Na hakukuwa na wa kumwuliza. Mwenye jibu alikuwa amelala chini ya taa kubwa, koo wazi.

"Hatufuti," alisema hatimaye. "Akitaka kufuta atakuwepo. Kinachofutwa hakirudi. Kwanza tujue inazima kwa nini."

"Faili bovu," shemeji alisema haraka, amefurahi kurudi kwenye ufundi. "Inaskani, inafika kwenye faili bovu, inaanguka. Tutafute lile faili tu."

"Mara ya kwanza ilizima ikiwa kwenye nini?"

Binti akaangalia daftari alilokuwa akiandika. "Ule wimbo wa tarumbeta."

"Mara ya pili?"

"Wimbo wa watoto. Hata haikufika kwenye tarumbeta; huo wa watoto unatangulia."

"Basi mabovu ni mengi," shemeji akasema.

"Au si faili." Mama alitazama saa yake kana kwamba dakika za asubuhi bado zimo. "Mara ya kwanza ilikuwa imepumzika usiku kucha. Ilikwenda dakika kumi na moja. Tukaiwasha palepale, ikaenda saba. Shemeji, tanuri langu likizima na mikate ya maziwa, na likawashwa tena likazima mapema zaidi na mikate mitupu, siulaumu unga. Nalishika ubavu."

Akapiga goti, akaweka kiganja juu ya kisanduku. Akakiondoa upesi, akapuliza vidole.

"Gusa."

Shemeji akagusa. "Ala," alisema taratibu. "Hiki unaweza kukaangia yai."

"Ni joto. Ikicheza muziki haichoki. Ikiskani inafanya kazi kwa nguvu zake zote, inachemka, inajizima isiungue."

"Sawa. Lakini tukumbuke kitu." Shemeji alikuwa ameacha ubishi, na hilo ndilo lililomtisha mama zaidi, kwa sababu shemeji huyo haachi ubishi hivi hivi. "Diski ni ya zamani. Kila inapokatika ghafla katikati ya kusoma inaumia. Mmesikia ile tik, tik, ilipozima mara ya pili? Mimi simjui Mungu wa diski, lakini hiyo tik siipendi. Inaweza kuwa imebaki mara moja tu. Ikizima ya tatu, huenda isiamke."

Feni ya kisanduku, ambayo sasa waliisikia vizuri, ilikuwa ikikoroma kama mtu mwenye mafua.

"Izime vizuri," mama akasema. "Kwa kitufe chake cha ubavuni, isikatike. Niletee bisibisi."

Walisubiri robo saa ipoe. Ilikuwa robo saa ndefu. Binti aliegemea ukuta akawa anatafuna ncha ya kalamu. Shemeji akaanza hadithi ya mteja aliyedumbukiza simu chooni, akaona hakuna anayesikiliza, akaikata. Mama alihesabu gunia zilizotundikwa ukutani, akazihesabu tena. Thelathini. Alizileta yeye mwenyewe kutoka kiwandani, gunia tupu za unga, kwa kuwa mumewe alimwomba. Alimwuliza za nini, akajibiwa, "Za kuzuia mwangwi. Nataka sauti safi." Akazigongomea misumari kuta zote, mpaka mlangoni, mpaka mbele ya kitundu cha hewa, stoo ikawa kama tumbo la mnyama.

Skurubu nne. Ya tatu iligoma, na bisibisi ikateleza ikamchubua kidole. Aliinua kifuniko kwa mikono miwili, akapumua kwa pua, maana alikuwa akiogopa hata pumzi yake.

Ndani kulikuwa kweupe.

"Hiyo nini, ukungu?" binti aliuliza.

Mama alichukua kidogo kwa kidole, akakisugua na kidole gumba. Hakuhitaji kukinusa. Kitu hicho alikuwa akikikung'uta nguoni kila siku kwa miaka kumi na minane.

"Unga."

Ulikuwa umefunika kila kitu. Feni ilikuwa imeuvuta kutoka kwenye gunia, jioni baada ya jioni, unyevu wa stoo ukaushika, ukaganda kwenye meno ya kile kipande cha bati cha kupozea mpaka meno yasionekane, kama kitana kilichojaa mafuta ya nywele. Mumewe alipigilia gunia zile ili sauti yake ihifadhiwe vizuri, na gunia zikawa zinaiziba pumzi mashine iliyoihifadhi. Na gunia alizileta nani? Mama alikaa kitako sakafuni. Hakulia, hakuwa na nafasi ya kulia.

Binti alikuwa ameibandua ile karatasi kwenye kifuniko. Aliishika karibu na uso.

"Futa yote ndani, taratibu," alisoma, safari hii akipumua mahali pengine. "Mama. Futa kwa kitambaa. Si kufuta faili. Futa unga. Wote. Ndani. Taratibu, polepole, usivunje kitu."

Shemeji akaichukua, akaisoma, midomo ikicheza. "Na mimi kidole kilikuwa juu ya kitufe," alisema. "Shemeji, kidole kilikuwa juu."

"Najua kilipokuwa. Nilikuwa nimekushika."

"Yaani mtu anashindwa kuandika neno vumbi?"

"Kaka yako? Huyo alizoea kutangaza treni kwa maneno sita."

Binti alicheka, kicheko kifupi kilichogeuka katikati kikawa kitu kingine. Mama hakucheka. Karatasi ilikuwa imejieleza, ndiyo, lakini maneno ya kwenye gari hayakuwa ya vumbi. Hayo yalibaki pale pale.

Akaenda jikoni, akarudi na brashi laini ya kupakia mafuta kwenye vibati vya mikate, mpya, haijatumika. Shemeji akamulika kwa tochi ya simu. Alisugua jino kwa jino, akielekeza ncha chini, binti akishika karatasi ya kupokea. Mkono ukipewa kazi unajua la kufanya. Baadaye akang'oa gunia zote, akazikunja, akazitoa nje, mpaka kitundu cha hewa kikaonekana na mwanga wa mchana ukaingia stoo kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

Kifuniko hawakukirudisha. Kisanduku wakakisogeza katikati ya meza ya chumba cha kulia, dirisha wazi, feni ya mezani ikikipulizia ubavuni.

"Mara ya mwisho," shemeji alisema. "Nani anabonyeza?"

"Mimi," mama akasema. Akabonyeza Skani kabla hofu haijapata nafasi ya kumjibu.

Taa ya kijani ikaanza kupepesa. Dakika ya kwanza. Ya pili. Majina ya nyimbo yalipita ukurasani upesi, hayasomeki. Dakika ya nne shemeji aligusa bati kwa ncha ya kidole akatikisa kichwa: vuguvugu. Ikafika dakika ya saba, ile iliyoua mara ya pili. Ikapita. Dakika ya nane diski ikatoa sauti, tik, moja tu. Binti akashika mkono wa mama yake, akaubana mpaka pete ikauma.

Dakika ya tisa simu ya mama, pale mezani, ikalia.

Mama aliigeuza. Namba ya hospitali. Akavuta kiti, akakaa.

"Mke wa mgonjwa wa koo?" Sauti ya mwanamke, ya haraka. "Mimi ni muuguzi wa wodi. Upasuaji umekwisha. Ulichukua muda kuliko tulivyotarajia, lakini yuko salama. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Ameanza kuamka. Ninapiga kwa sababu anahangaika. Anajaribu kuongea, mama. Alielezwa yote, lakini wakiamka wanasahau. Anafungua mdomo, hakitoki kitu, anashtuka, anashika shingo. Tumemfunga mikono kidogo asijiumize. Njoo, akuone. Na mtaalamu wa usemi anauliza kama zile sauti ziko tayari."

"Nakuja," alisema. "Nipe dakika."

Akakata. Akaeleza kwa maneno machache, na uso wa binti ukajikunja. Kisha wote watatu wakageukia taa ya kijani, kwa kuwa ilikuwa dakika ya kumi na moja.

Feni ndogo ilibadilisha mlio, ikapanda. Majina yakasimama ukurasani. Jina moja tu, halisogei. Mama alimwona kwa mawazo mumewe amefungwa kitandani akifungua mdomo, na akaona ile taa, na hakujua kipi kati ya hivyo viwili anakiombea.

Jina likasogea.

Dakika ya kumi na mbili. Ya kumi na tano. Walikuwa hawajafika huko kwa wiki mbili. Kwenye dakika ya ishirini na mbili ukurasa ukajisafisha wenyewe, na maneno yakajitokeza: Skani imekamilika. Vipya: 140.

Shemeji akajifuta uso kwa shati lake lote. Binti akabonyeza cha kwanza bila kuomba ruhusa.

"Dakika," ilisema sauti ile nene, ya stesheni, ya nyumbani, yenye mkwaruzo kidogo pembeni. "Dakika, chai ya saa kumi imechelewa. Wasafiri waombwa radhi."

Mtu yule alikuwa chumbani, na wakati huohuo alikuwa amelala upande wa pili wa mji, anafungua mdomo mtupu. Mama akaelewa sasa alichosema mumewe kwenye foleni ya taa. Yeye mwenyewe aliogopa sauti ile, kwa kitambo hicho, kama mtu anavyoogopa hatua nyuma yake.

"Usicheze nyingine," alisema.

"Nitie kwenye flashi?" binti aliuliza. "Nitie na kwenye simu yangu, na ya baba mdogo, tuwe nazo nyingi. Isije ikatokea tena hivi."

Ndicho alichokuwa akikitaka tangu asubuhi. Nakala kumi, nakala mia, kila droo ndani ya nyumba iwe na moja. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema ndiyo.

"Shemeji," shemeji alisema kwa sauti ya chini, "na lile la mzimu? Kama kweli hataki?"

Mama alitazama saa yake. Saa nane na dakika kumi na mbili.

"Tia kwenye flashi," alimwambia binti. "Moja. Simu yako hapana, yake hapana. Hiki kisanduku kinaweza kufa garini, na sitaki kumpelekea mtu mfupa mtupu. Ikimaliza, nipe hiyo flashi mkononi."

"Na kisanduku unakipeleka cha nini?"

"Nampelekea chake. Flashi na kisanduku, vyote viwili, naviweka kitandani kwake, na mikono wamfungue. Ukurasa nitamshikia mbele ya macho. Akitaka kusema, atabonyeza Cheza. Akitaka kufuta, atafuta kwa kidole chake mwenyewe, na mimi nitakuwa nimekaa hapo hapo nikiangalia."

"Akifuta kweli?" binti aliuliza.

"Basi nitakuwa na mume bubu," mama akasema. "Si wa kwanza duniani. Shemeji, washa gari."

Flashi ilipotolewa aliipokea, akaifunga kwenye ncha ya leso, akaitia kifuani. Alizima seva kwa kitufe, akasubiri mpaka taa ife yenyewe, akachomoa waya. Kisha akakifunika kisanduku kwa taulo safi, akakiinua kwa mikono miwili, akatoka nacho mlangoni.